Bastola ndogo ya bei kubwa, kiuno cha Dar: miezi 8 na P30SK

Mleta uzi:

Wakuu habari za jioni.

Nina duka la vipuri Gerezani, nyumbani ni Mbezi Juu. Kwa miaka mingi nilimiliki Walther PPK ya 7.65 mm, chuma kitupu, risasi 7 kwenye magazini. Mwaka jana nikaomba kubadilisha niende kwenye 9 mm. Nikazunguka kama wote tunavyozunguka, mtaa, kata, OCD (mkuu wa polisi wa wilaya), kamati, mkoa, na mwishowe nikakabidhiwa Heckler & Koch P30SK. Ni bastola ya bei. Watu wengi wamenifuata pembeni wakiuliza kama inastahili ile hela, kwa hiyo naandika hapa mara moja, kila mtu asome.

Naongea na wenye leseni, au walio kwenye mchakato kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Ambaye hayumo humo, aanzie ofisi ya serikali ya mtaa wake, asinifuate mimi.

Kwanza kwa nini niliiacha PPK. Ilitoka kiwandani Ujerumani kwa mara ya kwanza mwaka 1931, ikakusudiwa askari kanzu waliotaka kitu cha kuficha chini ya koti. Kwa kuficha, bado ni bingwa. Lakini ukiipiga, slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila risasi) inapita chini sana, karibu na mkono, na ina tabia ya kuuma ngozi ya mkono pale kati ya gumba na shahada. Halafu risasi za 7.65 zilikuwa zinanisumbua kupata. Unapata kibali, unafika dukani, unaambiwa subiri. Silaha ambayo huwezi kuifanyia mazoezi inakuwa mzigo. Na kubwa kuliko yote ni kutu. Kwenye uhakiki wa silaha wa 2016 niliambiwa nitoe magazini mbele ya meza ya askari. Nikaitoa, na kwenye kiganja changu likabaki doa la kahawia kama la chai. Nilikuwa nimeifuta kwa nje kila wiki. Ndani, pale jasho linaposhuka na kutulia, sikuwa nimefika.

Sasa hii P30SK. Mtutu wake ni milimita 83, urefu wote kama milimita 163, na bila risasi lakini ikiwa na magazini yake ni kama gramu 680. Risasi moja ya 9 mm ni kama gramu 12, kwa hiyo ukijaza zile 10 unatembea na karibu gramu 800. Si nyepesi. Mtu akikwambia hutaihisi kiunoni, hajatembea nayo kutoka Msimbazi hadi Mnazi Mmoja saa nane mchana.

Mpini ndipo pesa yako inapoonekana. Kuna vipande vya nyuma na vya ubavuni, vidogo, vya kati na vikubwa, unabadilisha mwenyewe mpaka mkono ukae. Mimi mkono wangu mpana, vidole vifupi. Nilikaa mezani na bastola tupu, magazini iko chumba kingine, nikabadilisha vipande jioni nzima. Nilipoweka kikubwa nyuma na vidogo ubavuni, kidole cha shahada kikafika kwenye triga bila kuuzungusha mkono. Nikafumba macho, nikainua, nikafumbua: vilenga viko mstari mmoja. Kwa PPK sijawahi kupata hilo.

Lakini si mpini ulionifanya nilipe. Ni nyundo.

Niliyochukua ni toleo la V3. Risasi ya kwanza unavuta triga ndefu na nzito, kisha zinazofuata triga inakuwa fupi na laini kwa sababu slaidi imeshairudisha nyundo nyuma. Kuna kitufe kidogo nyuma, pembeni ya nyundo, cha kuishusha taratibu bila kufyatua. Bastola nyingi za siku hizi hazina nyundo ya nje; triga yake ni ileile kutoka risasi ya kwanza hadi ya mwisho, na watu wanazipenda kwa sababu ni rahisi kujifunza. Sina ugomvi nao. Ila ngoja niwaeleze kilichonikuta.

Mwaka juzi, msimu wa mvua, nilikuwa kwenye mafunzo na bastola ya kuazimwa pale uwanjani, ya aina hiyo isiyo na nyundo. Nimevaa jaketi jepesi la mvua, lile lenye kamba ya kukaza kiunoni na kidude cha plastiki mwishoni. Holsta, yaani mfuko wa bastola, ilikuwa ya kitambaa, nimenunua mwenyewe, laini kama soksi. Nimemaliza kupiga, narudisha bastola kiunoni. Mkufunzi akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu hadi nikaumia. Sikuelewa. Akaniambia, "Usisogee. Tazama chini." Kile kidude cha plastiki kilikuwa kimeingia ndani ya kikingio cha triga. Risasi ilikuwa kwenye chemba, tayari kufyatuka. Ningesukuma sentimita mbili zaidi, kamba ingevuta triga, na mtutu ulikuwa umeelekea kwenye paja langu, mahali unapopita mshipa mkubwa wa damu.

Tangu siku ile nikitazama bastola ya kubeba, swali langu la kwanza ni itakuwaje ninapoirudisha. Ajali nyingi za kiunoni hutokea hapo, mtu akishatulia na macho yake yakiwa kwingine. Ukiwa na nyundo ya nje, unaweka gumba juu yake unaporudisha. Kitu chochote kikigusa triga, kona ya shati, kamba, kidole chako mwenyewe, nyundo inaanza kunyanyuka na gumba linaihisi kabla macho hayajaona. Unasimama. Unatoa. Unatazama. Hiyo ndiyo sababu ya pesa yangu, na nimeiona inafanya kazi: mwezi wa tatu na hii bastola, uwanjani, nyundo ilinisukuma gumba. Ulikuwa mkunjo wa fulana. Nikatoa, nikapandisha fulana, nikarudisha. Basi.

Nimepiga risasi 120 hadi leo, haijakwama hata moja. Kwa umbali wa mita 7, zile za triga fupi zinaingia kwenye duara la sahani ya chai. Ile ya kwanza, ya triga nzito, mwanzoni ilikuwa inakwenda chini kushoto kila mara. Ilinichukua wiki nyingi za mazoezi bila risasi ndani ya chumba kisicho na risasi hata moja, kuvuta taratibu nikitazama kilenga cha mbele kisitikisike. Asiye tayari kufanya hayo mazoezi, aina hii ya triga haimfai, namwambia wazi.

Karibuni maswali.

Kijana wa Goba:

Mkuu uzi mzuri. Lakini Glock 19 ina risasi 15, bei nafuu, na kila fundi anaijua. Wewe umelipa zaidi ukapata 10. Sijaona hesabu yake.

Mleta uzi:

Mkuu swali lako ni la haki. Glock 19 ipo sokoni tangu 1988 na sijui bastola nyingine ya ukubwa ule iliyothibitishwa na majeshi ya polisi mengi kama ile. Ikijazwa ni kama gramu 855, kwa hiyo kwa uzito imenipita kidogo tu huku ikinipa risasi tano zaidi. Kwa hesabu ya risasi kwa gramu, umenishinda.

Tofauti iko kwenye mpini. Glock 19 ni milimita 128 kwenda juu, hii ni kama 116. Unaweza kuona sentimita moja ni kitu kidogo. Sasa vaa shati la kitenge uliloachia nje, inama uokote funguo, halafu muulize mtu aliye nyuma yako ameona nini. Mtutu mrefu unalala ndani ya suruali, hauonekani. Mpini ndio unaochomoza. Na sisi huku hatuna koti la kufunikia. Februari hii mtu akitembea Kariakoo na jaketi, jaketi lenyewe linamtangaza.

Ila mtu akiniambia anataka bastola moja kwa maisha yake yote, magazini za ziada zipatikane, fundi aijue, na atanunua holsta ngumu inayofunika triga yote, nitamwambia achukue Glock 19 na salio akanunulie risasi za mazoezi. Sitambishia. Magazini ya ziada ya hii yangu niliagiza nikasubiri miezi. Nafuu ni kwamba inakubali zile za risasi 15 za P30 kubwa; inachomoza chini, lakini nyumbani usiku hakuna anayejali kuchomoza.

Pia nilijaribu SIG P365, iliyotoka 2018. Unene wake karibu milimita 27, ikijazwa risasi 10 haifiki gramu 650. Kwa kuficha hakuna kati ya hizi inayoigusa. Lakini mkono wangu uliifunika yote, kidole cha mwisho kikaning'inia, na kwa sababu ni nyepesi inapiga teke kali. Baada ya risasi 30 nilikuwa nakunja uso kabla ya kuvuta triga. Mwenye mkono mdogo ataniona mwongo, na atakuwa sahihi kwa mkono wake.

Mama Kigamboni:

Kaka shikamoo. Mimi ni mfanyabiashara, leseni ninayo mwaka wa sita. Ninyi wanaume mnaongelea kiuno na mikanda, sisi nguo zetu nyingi hazina hata mahali pa mkanda. Nabeba kwenye mkoba. Hii bastola ingenifaa?

Mleta uzi:

Marahaba dada, na asante kwa kuuliza kwa sababu nilisahau kabisa upande huo.

Mkoba unaniogopesha kwa sababu mbili. Ya kwanza ni wakwapuaji wa pikipiki. Wanachochukua ni mkoba, na mkoba ukienda, silaha ya leseni yako imeingia mtaani na wewe ndiye utakayeandika maelezo. Ya pili ni vitu vilivyomo ndani: kalamu, funguo, lipstiki. Chochote kinaweza kuingia kwenye triga. Kama hakuna njia nyingine, tafuta mkoba wenye mfuko wake peke yake, ndani yake holsta ngumu iliyofunika triga, usiingie humo kitu kingine hata risiti, na kamba uvae kwa kukatisha kifua. Triga nzito ya kwanza itakusaidia hapo. Lakini kabla ya bastola mpya, ningeuliza kuhusu mkanda mpana wa kitambaa unaofungwa tumboni chini ya dera au gauni, wenye kikingio kigumu cha triga. Mke wa rafiki yangu anautumia na hataki tena kusikia habari za mkoba.

Askari Mstaafu:

Ndugu umeeleza vizuri nyundo. Nina neno moja. Raia wengi hapa mjini wanabeba chemba ikiwa tupu, wanasema watakoki (kuvuta slaidi ili risasi iingie chemba) wakihitaji. Nimefundisha watu miaka mingi. Kukoki kunataka mikono miwili na sekunde ambayo huna. Mkono mmoja unakuwa umeshika mtoto, umezuia mlango, au umeshikwa. Lakini pia nasema hivi: raia asiyefanya mazoezi hata mara moja kwa miezi mitatu, chemba tupu ndiyo salama yake na ya majirani zake. Asione aibu.

Jambo la pili ni risasi yenyewe. Risasi ya kawaida ya 9 mm, kichwa kilichofunikwa kwa shaba, uzito wa kama gramu 8, inatoka kwa kasi ya zaidi ya mita 300 kwa sekunde. Haiishii kwa uliyemlenga. Korido za Kariakoo zimegawanywa kwa mbao nyembamba na mabati. Nyuma ya ubao kuna mama anapima vitambaa. Kabla hujapiga uwe unajua nyuma ya mtu huyo kuna nini, na kama hujui, hupigi, hata kama unaibiwa.

Mleta uzi:

Shikamoo mzee wangu. Hilo la pili nalichukua kama lilivyo. Duka langu ukuta wa nyuma ni ubao, upande wa pili wanakaa vijana wa stoo. Nimehamisha meza yangu ya hela, sasa naelekea ukuta wa tofali. Nilipaswa kuifanya miaka kumi iliyopita.

Wakili wa Upanga:

Naongezea upande wa sheria kwa ufupi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 18 na vifuatavyo vinatoa haki ya kujitetea, kumtetea mwingine na kulinda mali. Kifungu cha 18B kinakubana: nguvu utakayotumia iwe ya kiasi kinachohitajika kwa utetezi huo tu. Mtu amekwapua simu na anakimbia, mgongo amekupa, ukimpiga risasi utapata shida kubwa kueleza ni hatari gani uliyokuwa unaizuia. Bastola ya bei kubwa au ya bei ndogo, mahakama itauliza maswali yaleyale.

Nashauri pia, ukitoka na bastola usiguse pombe kabisa. Kesi nyingi za silaha za leseni nilizoona zilianza kwenye meza yenye chupa, zikaanza kwa kuionyesha tu.

Mleta uzi:

Asante wakili. Hela za mauzo siku hizi nyingi zinapita kwenye simu, kwa hiyo hata sababu ya kubeba imepungua. Kuna siku tatu au nne kwa wiki ambazo bastola inalala kwenye sefu, na nadhani ndivyo inavyopaswa. Nikialikwa sherehe, inabaki. Nikienda hospitali, inabaki.

Mtu wa Magomeni:

Mkuu, Ijumaa unafanyaje? Mimi kanzu inaficha vizuri lakini rukuu na sijda inanitoa jasho. Na hilo jasho lenyewe, hii ya bei kubwa haishiki kutu?

Mleta uzi:

Ndugu yangu, Ijumaa siendi nayo. Nilijaribu mara moja. Kwenye sijda mpini ulinichoma ubavu na nafsi yangu yote ilikuwa kiunoni, sikumbuki imamu alisoma nini. Nina sefu ndogo imefungwa kwa bolti kwenye zege ya sakafu ya duka. Naitoa risasi, naweka, nafunga, naenda kusali kama mja. Kuiacha kwenye gari siipendi hata kwa dakika kumi. Kioo cha gari ni kazi ya sekunde.

Kuhusu kutu: slaidi imetibiwa vizuri kuliko ile PPK yangu, na mwili wake ni plastiki ngumu, kwa hiyo sehemu kubwa inayogusa ngozi haina cha kushika kutu. Lakini chumvi ya Dar haichagui. Mwezi wa pili niliona vidoa kama vya pilipili kwenye pini ndogo za chuma na kwenye kichwa cha skrubu ya klipu ya holsta. Nilichobadilisha ni utaratibu. Nikifika nyumbani natoa risasi, naipangusa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, na kila Jumapili naifungua yote, nasafisha magazini hadi springi. Risasi zilizokaa kwenye magazini miezi sita zikipata jasho, nazipeleka uwanjani nazipiga kwanza kabla ya nyingine. Na fulana ya pamba ndani, kati ya ngozi na bastola, imesaidia kuliko mafuta yote niliyonunua.

Kijana wa Goba:

Mkuu hujasema holsta mpya umepata wapi. Zinazouzwa nyingi ni zile za kitambaa ulizosema.

Mleta uzi:

Kweli nilisahau. Ya plastiki ngumu iliyotengenezwa kwa ajili ya P30SK niliagiza nje, ikachelewa sana. Katikati nikaenda kwa fundi wa ngozi, ngozi ya ng'ombe nene, matabaka mawili, mdomo umewekewa chuma chembamba ili usijifunge bastola ikitoka, na ngozi imepanda hadi kufunika triga yote. Mkanda pia ni yeye, matabaka mawili. Mkanda wa kawaida wa suruali unapinda, bastola inaning'inia nje na mpini unaonekana hata chini ya shati pana. Nikiwa na mkanda laini hii bastola ya bei kubwa ilionekana kuliko PPK. Nikiwa na mkanda mgumu mke wangu alinikumbatia kwa upande ule asijue.

Sikutaka kumwachia fundi silaha hata kwa saa moja, na leseni hainiruhusu. Nilichora umbo lake kwenye karatasi, nikapima kwa rula ya chuma kila upande, nikampelekea mchongaji mmoja kule Mwenge anitolee kipande cha mpingo cha vipimo vile. Kikatoka kizito, cheusi, na kwa mbali kinafanana mno. Fundi wa ngozi alikitumia siku mbili, akalowesha ngozi na kuikandamiza juu yake hadi ikakauka ikiwa na umbo.

Nilipokuja kuchukua holsta nikakiomba kile kipande. Akasema kiache, wateja wengine watakuja nacho kitafaa. Nilikataa. Mjini hapa watu wanaibiwa kwa bastola za mbao. Nilikwenda nacho nyumbani nikakikata vipande vitatu kwa msumeno, nikavitia kwenye jiko la mkaa. Mpingo hauwaki haraka. Ilinibidi nikae pale na kipepeo karibu saa nzima, mpaka kikawa majivu.